Bibi wa Waya na Sponji

Nyumbani walimwita Kobe, na hakuna aliyemwonea. Tangu utotoni alikuwa msichana wa kufanya jambo moja kwa wakati mmoja, na jambo hilo alilifanya mpaka lichoke lenyewe. Wenzake wakimaliza kula, yeye ndiyo kwanza anapuliza chai. Ukimwuliza swali asubuhi, jibu ungelipata mchana, tena jibu zuri, lililopikwa likaiva, ila wewe ushasahau ulichouliza. Kaka yake alipenda kusema kwamba wakitumwa dukani wote wawili, yeye hurudi na sukari, Kobe hurudi na habari za njia nzima.

Aliyeumizwa zaidi na mwendo huo alikuwa mama yake. Mama alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, mwanamke mwembamba aliyetembea kama mtu aliyesikia kichanga kinalia chumba cha pili. Alipika amesimama, akala amesimama, na ilisemekana kwamba hata kulala alilala upande wa mlango. Baba alikuwa fundi makochi. Karakana yake ilishikana na ukuta wa nyumba, ikinuka gundi na mbao, na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa vipimo: hagusi kitu kabla hajakitazama, na akishakigusa kinakaa sawa. Chumba cha mbele alikaa bibi, mama mzaa mama, ambaye alisikia kila kilichosemwa katika nyumba ile na kutolea hukumu akiwa kitandani. Mama akilalamika kuhusu Kobe, bibi alijibu kupitia ukutani: "Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Wakasema tena chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Sasa chagueni wenyewe, mimi sikuwepo."

Kobe alimaliza sekondari kwa matokeo ya wastani, kama wali usio na chumvi: huukatai, wala huombi kuongezewa. Mama alitaka asomee ufamasia, kazi ya ndani, safi, yenye koti jeupe. Kobe hakukataa. Alisema atafikiria, na wote walijua maana yake ni miezi.

Katika miezi hiyo kaka yake aliweka kwenye simu programu ya kuunganisha picha, akaichezea siku mbili, akachoka nayo. Kobe akaiomba. Jumapili moja watu walipotoka mezani, yeye alibaki. Aliegemeza simu kwenye birika, akapiga picha ya kichupa cha chumvi, akakisogeza upana wa ukucha, akapiga tena, akakisogeza tena. Mama alipita akaona, akasonya, akaenda zake. Alipopita mara ya pili kichupa kilikuwa kimefika katikati ya meza. Jua lilipokuwa linaondoka dirishani, Kobe aliita watu. Kwenye kioo cha simu, kichupa kilivuka meza peke yake, kikitikisa kiuno kidogo kila hatua. Ilikuwa ni muda wa kupiga chafya mbili. Walikitazama wakakirudia mpaka kaka akaogopa chaji itakwisha.

Bibi alishikishwa simu wa mwisho. Akatazama kwa makini, akauliza swali moja tu.

"Kinakwenda wapi?"

Swali lile Kobe alilala nalo, akaamka nalo. Juma lililofuata kichupa kilivuka tena meza, lakini safari hii upande wa pili kulikuwa na yai lililochemshwa, limemenywa, na kichupa kilipoliona kikasita, kikajipangusa, kikasogea kwa adabu kama mtu anayekwenda kuposa. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Kobe baadaye alisema kwamba siku ile ndiyo aliyojua anataka kufanya nini, ingawa jina la kazi yenyewe hakulijua bado.

Jina lilikuja na viti. Chuo cha sanaa cha pale mjini kilileta viti vya ukumbi wake kwa baba vishonwe upya, na aliyevileta alikuwa mtunza stoo, mtu mpole aliyesubiri kazi yake akiwa amekalia kimojawapo. Baba alikuwa na tabia ya kumwonyesha kila mteja chumvi ya binti yake. Mtunza stoo alitazama, akasema kwamba kule kwao kuna darasa zima la watu wanaofanya hivyo hivyo, wanajifunza katuni na kutengeneza filamu, na kwamba mwalimu wao angependa kuonana na chumvi ile.

Mama aliuliza kama katuni ni kazi. Baba akasema kwamba hata kochi, mtu wa kwanza kulitengeneza aliulizwa kwa nini watu wasikae kwenye mkeka. Mabishano yalichukua siku kadhaa, mama akibishana huku anafua, anapika na kupiga pasi. Mwishowe alikubali mwaka mmoja. Baada ya hapo, alisema, ni dawa na koti jeupe.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba kirefu chenye mapazia meusi, meza zilizochorwachorwa na vizazi vya wanafunzi, kompyuta zilizovuma kama zina mafua, na taa ndogo zenye shingo za kukunja. Mwalimu alikuwa mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, na neno alilolitumia kuliko yote, kuliko hata salamu, lilikuwa "tena". Ukimwonyesha kazi alitazama, akavuta pumzi, akasema "tena", bila hasira, kama mtu anayekukaribisha chai. Wanafunzi walimwita Mwalimu Tena, naye alijua.

Kazi ya kwanza ilikuwa mpira unaodunda. Kila mtu alidhani ni mchezo wa watoto. Wiki mbili baadaye bado walikuwa wanadundisha mpira: wa wengine ulikuwa kama jiwe, wa wengine kama puto, na kuna kijana mmoja ambaye wake ulidunda ukazidi kupanda mpaka ukatoka nje ya picha na haukurudi. Baada ya mpira ulikuja mfuko wa unga unaojaribu kusimama, kisha mtoto anayekimbia mvua, kisha paka anayeruka ukuta. Kobe alifurahi kama samaki aliyerudishwa majini. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa mahali ambapo kusogeza kitu upana wa ukucha na kusubiri ilikuwa ndiyo kazi. Wenzake walipoteza subira, wakaruka picha, vikaragosi vyao vikatetemeka kama vina homa. Vyake havikutetemeka. Wenzake walikuja kutazama meza yake, wakaondoka wameshika mikono nyuma.

Kwa hiyo katikati ya mwaka, siku ya kutathmini kazi, alikwenda akiwa na moyo mweupe. Mwalimu Tena aliziunganisha kazi zake zote, moja nyuma ya nyingine, akaziweka ukutani kwa projekta. Akatazama mara ya kwanza, akatazama mara ya pili.

"Huyu mtoto anakimbia mvua?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi atalowa."

Darasa likacheka, na Kobe naye akacheka kidogo, kwa sababu kweli mtoto yule alikuwa anakimbia kama anayetafuta sindano. Lakini Mwalimu hakuwa amemaliza. Alivua miwani ikaning'inia kifuani, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba mikono yake ni mizuri kuliko yote darasani, na kwamba kwa sababu hiyo atamwambia ukweli.

"Kila unachokitembeza kinatembea kama wewe. Mpira ni wewe, unga ni wewe, paka ni wewe. Watu wengine wako wapi?"

Maneno yale yalimwingia. Alirudi nyumbani kimya, na kwa kuwa kimya chake kilikuwa cha kawaida hakuna aliyegundua, isipokuwa bibi, aliyemwambia aje amkune mgongo. Akiwa anamkuna alimsimulia. Bibi hakumpa mawaidha. Alisema tu kwamba mama yake Kobe, alipokuwa mdogo, alianza kukimbia kabla hajajua kutembea, na kwamba ni ajabu mtu kama yule kuzaa mtu kama huyu, maana ungedhani wamegawana mwendo mmoja, mmoja akachukua wote.

Kesho yake mama alipokwenda sokoni, Kobe alimfuata. Alimfuata hatua kumi nyuma, macho miguuni, kalamu mkononi. Mama aligeuka mara moja, akageuka mara mbili, ya tatu akasimama katikati ya watu na vikapu.

"Mbona unanifuata kama mbuzi aliyeona mchicha?"

Kobe akaeleza. Mama akasema hana muda wa kutazamwa, akaendelea na safari, lakini ilionekana kwamba mgongo umenyooka zaidi kidogo.

Hapo ndipo Kobe alipoanza kuona. Alikuwa ameishi na mama yake miaka yote akidhani haraka yake iko miguuni. Haikuwa miguuni. Jicho lilitangulia, likafika kwenye nyanya, kichwa kikafuata, bega likafuata kichwa, miguu ilikuja mwisho, kama watumishi wanaobeba mizigo ya tajiri aliyekwisha kufika. Kaka yake, kinyume chake, alianza safari zote na bega la kushoto, kama mtu anayepenya umati hata chumbani alimo peke yake. Baba alisimama kidogo kabla ya kugusa kitu chochote, mkono hewani. Na bibi, kabla ya kukaa, alifanya mazungumzo na kiti: alikitazama, akakigusa, akakigeukia, akakiamini nusu, kisha akajitupa na kuguna.

Alijaza kurasa kwa michoro ya watu wasio na nyuso, miguu na mabega tu. Akarudi darasani kufanya upya paka. Alipiga picha, akafuta, akapiga, akafuta. Siku moja, akiwa amekata tamaa nusu, aliondoa picha nyingi katikati ya mruko akaacha tatu tu, na kabla yake akamwacha paka ametulia kabisa, mkia tu unacheza. Akabonyeza. Paka alitulia, akatulia, halafu akawa juu ya ukuta. Kobe alishtuka mpaka kiti kikasogea. Kumbe haraka inahitaji picha chache, na inahitaji utulivu mbele yake ili ionekane. Alirudia kutazama mara nyingi akicheka peke yake, na wenzake wakaja kuona kuna nini.

Mwalimu Tena alipomtazama paka yule alivuta pumzi kama kawaida. Darasa zima lilisubiri neno lake. Akasema, "Haya," akaenda meza inayofuata. Watu walipiga makofi kama mtu amefunga ndoa.

Muhula wa mwisho wa mwaka ule waligawanywa wawili wawili, kila jozi itengeneze filamu fupi ya kuonyeshwa mbele ya wazazi. Kobe alipangwa na msichana ambaye darasa lilimwita Cherehani, kwa sababu akianza kuongea hakatizi mpaka uzi uishe. Kazi aliyoipenda Cherehani ilikuwa kuhariri na sauti, na alihariri kama alivyoongea. Picha ambayo Kobe aliisumbukia asubuhi nzima, yeye aliikata kwa kidole kimoja, akisema watu wameshaelewa, tusonge. Siku moja aliukata mkono wa mhusika wao uliokuwa unapapasa rafu, mpapaso mzuri, wenye mashaka ndani yake. Kobe alikwenda nyumbani, akarudi kesho yake, akakaa, akamwambia kwa utaratibu kwa nini amekosea.

Cherehani alimtazama kwa mshangao. "Mimi nilishasahau kama tumegombana."

Wakacheka, na tangu hapo wakapatana namna ya kufanya: Kobe hatajibu kesho, na Cherehani hatakata kabla hajaitazama picha mpaka mwisho. Kila mmoja alipata tabu kwa upande wake. Lakini mkono ulirudishwa kwenye rafu, nusu ya picha zake, na wote wawili walikiri kwamba nusu ile ilitosha.

Hadithi yao ilikuwa nyepesi. Bibi mmoja anatafuta miwani yake nyumba nzima, na miwani iko kichwani pake. Binti yake, mwanamke mwenye shughuli, anapita sebuleni mara tatu na vyombo, na nguo, na ndoo, bila kumtazama hata mara moja. Basi.

Walimjenga bibi kwenye karakana. Baba aliwakatia waya wa mifupa na sponji ya nyama, tena sponji ngumu ya viti vya ofisini, akisema laini itabonyea baada ya siku tatu. Kichwa walifinyanga, wakakata midomo midogo ya karatasi ya kubadilisha, mmoja wa "a", mmoja wa "o", mmoja wa kununa. Gauni walilishona kwa kipande cha kitambaa cha kochi chenye maua ya dhahabu. Bibi mwenyewe alipoletewa sanamu aikague, aligeuza gauni lile upande na upande.

"Mnanivika kochi?"

Akatoa sandukuni kipande cha gauni lake la zamani, la kijani, laini kwa kufuliwa, akasema kama ni yeye basi avae kama yeye.

Sauti walirekodi chumbani kwake, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, kuku wa jirani wamefukuzwa. Cherehani alikuwa ameandika maneno vizuri kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Bibi akaikataa karatasi.

"Mtu aliyepoteza miwani ataisoma kwa kutumia nini?"

Wakamwambia basi atafute tu. Bibi akavua miwani yake, akaificha mwenyewe chini ya mto, na akaanza kuitafuta akinung'unika, akiwasingizia wajukuu, panya na marehemu mume wake, ambaye alisema hakuwahi kurudisha kitu mahali pake. Cherehani, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alikaa kimya muda mrefu, ameshika kinasa sauti, machozi ya kicheko yanamtiririka.

Chuo kilipofungwa kwa likizo, walihamishia sebule yao ndogo ya mbao, nyumba ya sanamu, kwenye kona ya karakana, nyuma ya pazia. Kazi ilikwenda vizuri kwa siku kadhaa. Jioni moja walimwacha sanamu wa bibi ameinama kuchungulia chini ya kiti, karibu aangukie pua, ameshikiliwa na uzi mwembamba usioonekana. Walikuwa wamefika katikati kabisa ya tukio. Wakafunika, wakaondoka.

Asubuhi baba aliamka mapema, akafagia karakana. Alipofungua pazia, alimkuta mama mkwe wake mdogo anataka kuanguka. Mtu wa vipimo hawezi kupita mahali kama hapo. Alimsimamisha wima, akampangusa vumbi, akanyoosha gauni, na kabati dogo lililokuwa limekaa upande akaliweka sambamba na ukuta. Kobe alipoingia baba alimwonyesha kwa fahari namna alivyomwokoa.

Kobe alikaa chini polepole. Baba aliutazama uso wake, akatazama meza, akatazama kamera juu ya miguu yake mitatu, na ukweli ukampambazukia. Hakuna njia ya kumrudisha sanamu palepale alipokuwa, kidole kwa kidole. Baba alisema pole mara mbili, akatoka, akaenda jikoni akanywa chai bila kukumbuka kutia sukari. Cherehani alipofika na kuambiwa, alikwenda kuwasha kompyuta.

Kobe aliunganisha kamera na kompyuta, apate angalau kuona wamepoteza kiasi gani. Akapiga picha moja ya bibi alivyo sasa, amesimama, gauni limenyooka, kisha akaichezesha yote. Kwenye kioo bibi aliinama, akachungulia, akanyoosha mkono chini ya kiti, na ghafla, kufumba na kufumbua, akawa wima kama askari.

Kobe alianza kucheka. Alicheka mpaka baba akarudi mlangoni na kikombe mkononi.

"Amesikia kitu," Kobe alisema. "Kuna mtu kagonga mlango. Cherehani, nenda kagonge."

Alisema hivyo bila kusubiri mchana wala kesho. Cherehani alikwisha kuruka nje na kinasa sauti kabla sentensi haijakwisha, akagonga mlango wa karakana mara tatu, mara ya nne baba akamwonyesha namna wateja wake wanavyogonga wakiwa na haraka. Hadithi ikageuka palepale. Bibi anasikia hodi, anakwenda kufungua, hakuna mtu. Anarudi katikati ya sebule na kusimama, kwa sababu sasa amesahau alichokuwa anatafuta. Ilikuwa bora kuliko walichoandika. Baba alisamehewa, na tangu siku ile alimweleza kila mteja kwamba na yeye kuna kipande amekitembeza.

Siku ya maonyesho ukumbi wa chuo ulijaa, watu wamekalia viti ambavyo baba alivishona, naye akiwabonyezea wenzake waone sponji ilivyo imara. Bibi aliwekwa mstari wa mbele, gauni jipya, miwani puani. Kaka aliketi karibu naye amtulize. Mama alikuwa zamu, na kiti chake kilikuwa kitupu.

Filamu yao ilikuwa ya tano. Taa zilipozimwa na sanamu wa kijani kutokea ukutani, mkubwa kuliko mtu, bibi alishika mkono wa kaka. Sanamu alipouliza nani kachukua miwani yangu, sauti ileile ilijibu kutoka mstari wa mbele.

"Iko kichwani, wewe."

Ukumbi ukalipuka. Kaka alijaribu kumnyamazisha lakini ilikuwa kama kuziba bomba kwa kidole. Bibi alibishana na nafsi yake mpaka mwisho, akimwelekeza juu, chini, si huko, na watu hawakujua wacheke kwa sababu ya yupi. Sanamu alipochomoka wima chini ya kiti, hodi ikapigwa, kicheko kilichotoka kilifunika maneno yaliyofuata. Baba aligeuka huku na huku kuhakikisha watu wanajua ni kipande chake. Na Kobe, aliyekuwa amesimama ukutani na Cherehani, alisikia kitu ambacho darasani hakufundishwa: kwamba watu mia wakicheka pamoja, kabla ya kicheko wote huvuta pumzi kwa wakati mmoja, kimya kidogo sana, na kimya kile alikuwa amekitengeneza yeye.

Taa zilipowashwa alimwona mama yake. Alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango, bado na sare ya hospitali. Alikuwa amefika kabla filamu yao haijaanza, na hakuwa ametafuta kiti. Kobe alimwendea. Mama alikuwa anajifuta macho kwa nyuma ya mkono, na haikujulikana ni kicheko au ni nini.

"Yule anayepita na ndoo," mama alisema. "Ni mimi."

"Ndiyo, mama."

"Hasimami hata mara moja."

Kobe alifikiri kidogo. "Kwenye filamu ya pili atasimama."

Mama akacheka, akamshika mkono, na walipokuwa wanatoka ukumbini watu wengi waliwapita, wengine wakiwa na watoto, wengine wakiwa na fimbo za kutembelea, na mama hakumpita mtu yeyote. Habari ya ufamasia haikutajwa siku ile, wala mwaka uliofuata.

Kobe alisoma mpaka akamaliza. Filamu ya pili ilitengenezwa, na ya tatu, moja ikiwa mbaya kiasi kwamba Cherehani hataki itajwe mbele za watu. Sasa wana chumba chao wawili, ghorofani juu ya duka la dawa, jambo ambalo mama anasema ni namna ya Mungu kumtania. Wanatengeneza vipindi vya watoto vya kujifunza kusoma, matangazo ya sabuni, na kila mwaka filamu moja ya kwao wenyewe, isiyoagizwa na mtu. Madirisha yamefunikwa kwa kitambaa cheusi cha baba. Rafuni wamejipanga watu wa waya na sponji, wengine bila vichwa, wakisubiri zamu zao.

Mama huja siku ambazo hana zamu, analeta chakula na kuwalaumu kwa vumbi. Majuzi aliwakuta wanatengeneza kipindi cha herufi ya "B", chenye bata anayevuka barabara. Kobe alimwambia akae, amsogeze bata yeye. Mama alisema ana mambo mengi ya kufanya, akakaa. Akamsogeza bata shibiri nzima. Kobe akamrudisha, akamwonyesha ukucha wake: kiasi hiki. Mama akavua saa mkononi ili isimsumbue. Akasogeza, Cherehani akapiga picha, akasogeza, akapiga. Chakula kikapoa mezani.

Walipomchezeshea, bata wake alianza kuvuka barabara amepinda shingo, jicho limetangulia, kichwa kikifuata, miguu ikija mwisho. Mama alimtazama kwa muda. Akaomba aonyeshwe toka mwanzo, kisha akasema huyu bata asiondolewe mezani, bado hajafika upande wa pili, na akavuta kiti karibu na meza.